Kanda ya Singo ya Dada Yangu

Nilikuwa juu ya stuli dukani, napanga sufuria za rafu ya juu, simu ilipoanza kulia mfululizo. Nilidhani kuna msiba. Nikashuka kwa haraka mpaka nikakaribia kuteguka mguu, kumbe ni jirani yangu wa duka la tatu, mwanamke ninayeuza naye vyombo mtaa mmoja wa Kariakoo miaka yote hii. Amenitumia linki ya video na chini yake swali: "Huyu si mama yako?" Kabla sijafungua akatuma tena: "Bi mkubwa alikuwa anajua kucheza."

Bando langu lilikuwa linasuasua. Picha ilikwama, ikaenda, ikakwama tena, na kila ilipokwama ilikwama pabaya. Alikuwa mama yangu kweli. Si mama wa sasa, wa baibui na magoti yanayouma, bali mama wa umri mdogo kuliko wangu leo, kanga moja kifuani, nyingine kaifunga kiunoni, kichwa wazi, nywele kasuka twende kilioni. Alikuwa anashuka taratibu mpaka chini kabisa, anapanda, anashuka tena, na wanawake wenzake wanampigia vigelegele. Nyuma yake niliuona ukuta wa chumba chetu cha zamani, ule wa chokaa ya buluu.

Chini ya video watu walikuwa wameandika yao. Wengi walikuwa wema: mama zetu walikuwa wazuri, harusi zilikuwa zile, siku hizi tunakula biriani tu na kurudi nyumbani. Wengine hawakuwa wema. Mwanamume mmoja, ambaye kwenye picha yake amevaa suti na tai, alikuwa ameandika jambo kuhusu kiuno cha mama yangu ambalo siwezi kulirudia, na watu kibao walikuwa wamemchekea. Nilitamani kujua anakaa wapi ili nimfuate na mwiko.

Mama yangu anafunga Jumatatu na Alhamisi. Anafundisha mabinti Kurani uani kwetu Magomeni, na mabinti hao wote wana simu, au wana kaka wenye simu. Nilifunga duka mapema siku ile. Sikuwa na pa kwenda, nilizunguka tu, nikatoka Msimbazi mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, nagongana na wapagazi, nafungua ile video, naifunga, naifungua tena kuona kama imeondoka yenyewe. Mimi subira sijajaliwa. Mama husema niliipita mlangoni siku ya kuzaliwa.

Kanda ile naijua, nilikuwepo ilipopigwa. Ilikuwa siku ya singo ya dada yangu mkubwa, siku ile bibi harusi anaposuguliwa liwa na wanawake wakaimba na kucheza mpaka magharibi. Mimi nilikuwa msichana wa kupitisha sinia za sharubati. Zilikuwa enzi za ruksa, tulipoambiwa kwamba sasa mtu anaweza kuleta chochote kutoka popote. Kariakoo ilibadilika machoni petu. Mitaa tuliyopangia foleni za sukari na sabuni ikajaa redio, feni, mitumba na viatu vya raba vya kila rangi. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, lakini watu waliagiza runinga Dubai, wakaagiza na deki za kuchezea kanda, na kwa kuwa hakukuwa na cha kutazama, tukaanza kujitazama wenyewe. Harusi isiyopigwa video ilionekana kama haijafungwa. Kanda iliazimwa nyumba kwa nyumba, ikapelekwa Lindi kwa basi ili ndugu waone, na ikirudi imejaa mikwaruzo.

Tatizo lilikuwa upande wa wanawake. Nani angeingia kule na kamera? Hapo ndipo alipopatia riziki mama mmoja wa Kihindu, ambaye mtaa mzima tulimwita mama wa video. Mume wake alikuwa na duka la vitambaa Kisutu, akaliacha akaanza kupiga harusi, na mke akajifunza kazi ile kwa ajili ya vyumba ambavyo mume hakuruhusiwa kuingia. Nakumbuka kamera kubwa begani kwake, pindo la sari kalichomeka kiunoni, miguuni raba. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kuliko changu, na alipokuwa anapiga picha hakunyamaza: nyanyua mkono mama, geuka huku dada, usiangalie kamera, angalia ngoma.

Siku ile wanawake walisita. Wengine waume zao walikuwa wakali, wa kumpokonya mtu kitambulisho cha furaha kama kingekuwepo. Walikaa kwenye mikeka na mitandio yao wamejifunika gubigubi, na singo ikapoa. Mama yangu akasimama mlangoni, akafunga komeo, akawaambia wavue mitandio. Akaapa kwamba hakuna mwanamume atakayeiona kanda ile, leo wala kesho, na kwamba wamlaumu yeye. Mama wa video naye akaapa: ataikata na kuiunga mwenyewe, mlango umefungwa, nakala itatoka moja tu ya nyumbani kwetu na kanda yenyewe ataiweka kwa ufunguo. Basi wakavua. Redio ya kaseti ikafunguliwa mpaka mwisho, ukapigwa wimbo mmoja uliokuwa unatamba mwaka ule, na hapo ndipo mama yangu alipofunga ile kanga kiunoni na kuonyesha watu kwamba kufiwa na mume si kufiwa na mwili.

Nakala ya kwetu ililiwa na deki miaka mingi iliyopita. Mama hakusikitika. Alisema tena heri.

Sasa nilitaka iondoke mtandaoni kabla hajajua. Nilibonyeza pale pa kulalamika. Mtandao ukaniuliza kama ni mimi ninayeonekana kwenye video. Nikasema ndiyo, kwa sababu kwa nukta chache naonekana, nimebeba sinia, nimetoa macho. Wakauliza kama ninalalamika kwa ajili yangu au kwa ajili ya mtu mwingine. Nikaandika ukweli, kwamba ni kwa ajili ya mama yangu. Wakajibu kwamba mtu mzima alalamike mwenyewe. Niligeuza maneno kila namna, nikajaribu kwa ukali, nikajaribu kwa upole, jibu lilikuwa lile lile, la heshima, na la mtu ambaye hayupo.

Kwa hiyo ilibidi nimwambie. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nilimwamkia, nikakaa, nikasimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Akaniuliza nina nini, mbona nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikampa simu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa hasira. Aliitazama yote, miwani puani, simu kaisogeza mbali na uso. Ajabu ni kwamba hakujitazama yeye. Kidole chake kilikuwa kinawafuata wengine pembeni, anawatambua mmoja mmoja kwa minong'ono: huyu alishakufa, huyu yuko Kigamboni, huyu alihamia Jangwani kwa mwanawe, huyu sijui yuko wapi. Video ilipoisha aliiweka simu juu ya ungo, katikati ya mchele.

"Mimi ndiye niliyewaambia wavue," alisema.

Nikamwambia kosa si lake, kosa ni la aliyeirusha. Akasema aliyeirusha hamjui, lakini wale wanawake anawajua, na wao hawakumwamini mtu wa mtandao, walimwamini yeye. Akaniambia nivae, tunaenda Kisutu.

Mama wa video alikuwa amefariki. Tulimkuta mwanawe, mwanamume wa makamo, ndani ya duka lile lile, ambalo siku hizi linauza makava ya simu na chaja. Alimwamkia mama shikamoo kwa mikono miwili, akatuletea viti na chai ya maziwa yenye iliki. Alipoelewa tulichofuata uso ulimshuka. Alieleza kwamba baada ya mazishi alifungua kabati la mama yake akakuta kanda zimepangwa, zimeanza kuota ukungu, akaona aziokoe. Alikuwa anazihamisha kwenye kompyuta moja moja, kila jioni baada ya kufunga duka, kwa sababu ndani yake mama yake anasikika. Haonekani hata mara moja, lakini sauti yake iko pale nyuma ya kamera, inawaambia watu wanyanyue mikono. Akaona watu waijue kazi yake. Akafungua chaneli, akaipa jina la mama yake.

Hakujua, na mimi nilimwamini. Kwao wanawake wanacheza kwenye sikukuu mbele ya wajomba na wakwe, wanazunguka na vijiti vyao, na hakuna anayeapa chochote. Aliona mama zake wa Kariakoo wanafurahi, akadhani furaha ni ya kila mtu. Aliiondoa video palepale, mbele yetu, akaifuta na kwenye kompyuta. Mama akaitaka na kanda.

Akaileta. Akauliza, kwa aibu, kama angeweza kubaki na sauti tu, bila picha. Mama alimwangalia kwa huruma, na akasema hapana. Alisema mle ndani sauti za watu zinaimba mambo ambayo mwanamume haimpasi kuyasikia, na hilo pia lilikuwa ndani ya kiapo. Yule bwana hakubisha. Alituazima jiko la mkaa uani kwake, mama akauvuta ule utepe mweusi wote nje kama anatoa utumbo wa samaki, tukauchoma. Ulinuka vibaya. Mama alisimama mpaka ulipokwisha kabisa, kisha akamshukuru yule bwana, akamwombea mama yake kwa namna yake.

Njiani nilikuwa na furaha. Nilimnunulia mama madafu. Niliona tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza hata robo. Kabla ya Ijumaa jirani yangu wa duka la tatu alinitumia linki nyingine. Kuna mtu alikuwa ameipakua video kabla haijafutwa, akairusha kwenye ukurasa wake, ukurasa wa vichekesho, na kichwa cha habari cha kuwadhihaki mashangazi wa zamani. Nilimwandikia aitoe. Akanijibu kwa kicheko na kuniuliza kama na mimi nimerithi kiuno. Hakupiga yeye, hakualikwa, wala hakumjua hata mwanamke mmoja mle chumbani, lakini jina lake alikuwa ameliandika kwa herufi nyeupe juu ya video, katikati, ili wengine wasimwibie.

Lakini video ile ilikuwa bubu. Niliongeza sauti ya simu mpaka mwisho, kimya. Nikaona maandishi madogo kwamba sauti imeondolewa kwa madai ya mwenye haki ya wimbo. Nilisoma mara nyingi. Ule wimbo wa kwenye redio ya kaseti, ambao sisi tuliununua umerekodiwa kwenye kanda ya magendo palepale Kariakoo, kama nyimbo zote za wakati ule, ulikuwa na mwenyewe. Mashine ilikuwa imeusikia nyuma ya vigelegele, ikautambua, ikauondoa, na pamoja nao ikaondoa vigelegele, vicheko na kila neno lililosemwa chumbani. Nilikasirika mpaka nikacheka. Wimbo uliombewa haki yake bila hata mtu kubonyeza kitufe. Mama yangu, pamoja na viuno na nywele za rafiki zake wote, hakuwa na mwenyewe.

Nilitayarisha malalamiko upya, safari hii kwa jina la mama, picha ya kitambulisho chake, kila kitu. Kilichobaki kilikuwa kidole chake. Nikampelekea. Akakataa kubonyeza.

"Kwanza nikawaombe radhi," alisema. "Nikishaifuta nitawaambia nini? Nitakuwa nimeficha."

Nilimwambia kwamba kila siku inayopita wanaume wanaiona. Akasema anajua. Akasema pia kwamba mtu akivunja chungu cha watu haanzi kwa kufagia vigae. Mama yangu ukishaona amepata methali ya kwake mwenyewe, usibishane naye, utachoka bure.

Tukaanza kuzunguka. Mimi dukani niliacha mtu, na moyo wangu haukuwa dukani wala haukuwa kwenye radhi, ulikuwa kwenye simu. Tulivuka pantoni Magogoni kwenda Kigamboni kwa mama mmoja ambaye kwenye video anarukaruka na kijiko cha mbao. Alisikiliza yote, akaomba aione, akacheka mpaka akashika ubavu, akaita wakwe zake waje kumwona. Alimwambia mama kwamba mficha uchi hazai, na yeye amezaa wanane, amsamehe nini. Mama hakucheka. Alisubiri mpaka mwenzake akatamka kwa mdomo kwamba ameridhia, ndipo akanyanyuka.

Jangwani ilikuwa vingine. Mama yule alikuwa ametulia, mtu wa swala, mume wake bado hai na bado mkali. Hakutaka kuiona. Alimuuliza mama yangu kwa sauti ya chini kama aliapa au hakuapa. Mama akasema aliapa. Yule mama akasema basi wataonana huko mbele, akaturudishia mlango. Mama alisimama barazani muda mrefu, mkono ukutani. Nilimwambia tuondoke. Akasema ana haki, mwache, mtu hadaiwi msamaha. Siku ile nilimwona mama yangu amezeeka, na nilimchukia yule wa ukurasa wa vichekesho kwa chuki ambayo sikujua ninayo.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo nilililia ndani kwa ndani. Kila nyumba tuliyotoka, watazamaji waliongezeka. Tunaomba radhi Kigamboni, jioni wakwe wote wa Kigamboni wanatafuta video. Tunaomba radhi Ilala, mabinti wa Ilala wanaitumiana kwenye magrupu: jamani mmeona, bibi yumo. Video ambayo ingekufa yenyewe kwa kukosa wa kuiangalia, mama yangu alikuwa anaitembezea kwa miguu yake miwili mibovu. Nilimwonyesha zile namba zinavyopanda. Nilimwambia, mama, ni sisi. Unawaomba radhi kwa jambo ambalo hawakulijua, na wakishalijua ndipo linapotokea.

Alifikiri. Alikuwa amekaa kitandani anajipaka dawa ya magoti.

"Kwa hiyo ulitaka ninyamaze ili wao waambiwe na watu wa mtaani," alisema.

Usiku wa siku zile nilikuwa nalala nageuka, nageuka, najiuliza nani kati yetu ana akili, na asubuhi tulikuwa tunatoka tena.

Wa mwisho alikuwa marehemu. Mama alimweka mwisho makusudi. Alikuwa mpangaji mwenzetu kwenye nyumba ile ya Kariakoo, chumba cha pili kutoka chetu, mwanamke wa Newala, rafiki yake mama wa kuazimana chumvi na siri. Miezi michache baada ya harusi ya dada alifariki siku ya kujifungua. Mtoto alipona, wa kike, akachukuliwa na shangazi yake. Mama alisema marehemu huombewa radhi kwa watoto wake. Tukamtafuta huyo binti, na kumbe alikuwa palepale Magomeni, mitaa miwili kutoka kwetu, ana mume na saluni ndogo ya kusuka barazani. Mimi mwenyewe nilishasukwa pale.

Alitupokea vizuri. Akamwamkia mama, akaitikiwa marahaba, akafukuza watoto kwenye makochi. Mama akaeleza kama alivyoeleza kwingine kote: singo, mitandio, kiapo, mtandao. Akaomba radhi kwa niaba ya marehemu. Nilikuwa natazama saa. Nilikuwa nasema moyoni, aseme ameridhia, mama abonyeze, tulale.

Yule binti hakusema ameridhia. Alikuwa ameshika kichanuo, amekishika tu.

"Mama yangu yumo?" aliuliza. "Anatembea?"

Hatukumwelewa. Akaingia chumbani akarudi na picha moja ndogo, ya pasipoti, imefifia, mwanamke anayetazama mbele kama aliyeambiwa asipumue. Ndiyo picha pekee aliyokuwa nayo. Hakuwahi kujua mama yake alikuwa mrefu au mfupi. Shangazi alimwambia mara hivi, mara vile. Akauliza kama anaweza kumwona kabla hatujaifuta.

Mimi nilimwogopea binti wa watu. Nilikuwa nimemwona akimnyima mwanamume mzima sauti ya mama yake. Nilijua kilichokuwa kinakuja. Lakini mama alimgeukia mume wa yule binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwomba kwa adabu atupishe, na watoto wa kiume pia. Akafunga mlango mwenyewe, akavuta pazia.

"Niliapa wanaume wasione," alisema. "Wewe ni mwanamke. Tazama."

Nikafungua simu. Tulikaa tumebanana, yeye katikati. Video bubu ikaanza. Akapita mama na kanga yake kiunoni, akapita wa Kigamboni na kijiko, hakuna anayesikika. Kisha akatokea upande wa kulia mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, tumbo limeanza kuonekana chini ya kanga. Hakuhitaji kuambiwa. Alitoa sauti kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Mama yake alikuwa anacheza kivivu, mkono mmoja hewani, mwingine juu ya tumbo, anacheka. Alikuwa na mwanya. Binti akajigusa meno yake.

Halafu yule mwanamke akaigeukia kamera, akaangalia moja kwa moja kwetu, na midomo yake ikasema kitu. Maneno machache tu, huku anacheka na mkono bado uko tumboni. Kisha akageuka, na picha ikahamia kwa wengine.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha. "Anasema nini?"

Mama aliangalia kioo cha simu. Nilimwona anatafuta. Kanda ilikuwa na sauti yote siku ile Kisutu, wazi, kila neno, na ni yeye aliyesimama kwenye jiko mpaka utepe ukaisha.

"Anasema nini hapo, mama?" binti aliuliza tena.

"Anakuonyesha wewe," mama alisema. "Ameshika tumbo, unaona? Anasema, 'Na huyu naye yumo.'"

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake na sinia ya sharubati, naonekana pale, nimetoa macho, na nakumbuka kwa sababu chumba kizima kilicheka. Alikuwa anamwambia mama wa video atoe mguu, amemkanyaga kanga. Mama naye alikuwepo, alicheka kuliko wote. Na huyu ni mama aliyenichapa utotoni kwa kusema nimeoga wakati nilikuwa nimelowesha miguu tu, aliyetutembeza Dar nzima kwa ajili ya neno moja alilolitamka mlangoni.

Hakuniangalia. Aliniambia niiweke ile video kwenye simu ya binti, na nikimaliza nimpe yale malalamiko abonyeze, ya mtandaoni iondoke. Nikafanya. Alibonyeza kwa kidole chenye hina, polepole, kama mtu anayetia sahihi. Binti hakutusikia. Alikuwa ameinama juu ya simu yake, anarudisha palepale, na midomo yake inafuatana na ya mama yake, "na huyu naye yumo," mara ya kwanza imepishana kidogo, mara ya pili imekaribia, mpaka ikaingia sawasawa.